Kittyhawk ya El Alamein: shajara ya safari ya kuifuata ndege iliyopotea 1942

Jumapili, Cairo

Ndege iliyonileta Misri ni moja tu: ndege ya kivita aina ya Kittyhawk, namba ET574, ya Jeshi la Anga la Uingereza, iliyopotea jangwani tarehe 28 Juni 1942 na kuonekana tena mwaka 2012. Mimi ni fundi wa ndege, kazi yangu iko Dar es Salaam. Picha zake za mwanzo nimezitazama kiasi cha kuzikariri. Chumba cha rubani kimekaa kama kilivyoachwa, mita zipo mbele ya kiti, mabawa yamesuguliwa na mchanga mpaka alumini inang'aa, na herufi za kikosi, HS-B, bado zinasomeka ubavuni kwa taabu. Miaka 70 nje bila paa, na bodi bado imeshikana. Aliyezoea kufungua ndege iliyokaa miaka mitano tu kando ya bahari atanielewa kwa nini picha zile zilininyima usingizi.

Shemeji alikuja kunipokea uwanjani. Alisoma Al-Azhar, akabaki Cairo akifundisha historia, na Kiarabu chake ndicho kitakachotufikisha tunakokwenda. Jioni tulikaa kula koshari, akaniuliza bila kuzunguka: "Shemeji, umetoka Dar mpaka huku kuja kutazama chombo cha Mwingereza cha kuulia watu. Nieleze nielewe."

Nikamweleza. Rubani aliitwa Dennis Copping, sajini wa kikosi namba 260, kijana wa miaka 24, baba yake daktari wa meno huko Southend. Wiki hiyo mambo yalikuwa yamewaharibikia Waingereza. Tobruk, bandari ya Libya, ilianguka tarehe 21 Juni, Rommel, jenerali aliyeongoza Wajerumani na Waitaliano, anasonga mbele, jeshi lote linarudi nyuma kuelekea El Alamein, pwani ya Misri. Copping na mwenzake walipewa ndege mbili mbovu wazipeleke kiwanja kingine zikatengenezwe. Magurudumu ya ndege ya Copping yalikuwa hayakunjiki. Wakiwa angani mwenzake akaona Copping anakwenda sivyo, akamfanyia ishara kwa kila namna arudi kwenye mstari. Copping akaendelea na njia yake mpaka akapotea machoni.

Hakuonekana tena. Mwaka 2012 mfanyakazi wa kampuni ya mafuta kutoka Poland akaikuta ndege kwenye uwanda wa mawe na mchanga, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji wowote kwa maelezo ya wakati ule. Ilikuwa imetua kwa kishindo lakini haikusambaratika. Redio ilikuwa imetolewa nje, na parachuti imetandazwa kando ya bodi, dalili kwamba kijana alitoka mzima, akajitafutia kivuli, akajaribu kuita msaada. Mwili wake haujapatikana. Mifupa iliyookotwa kilomita kadhaa kutoka hapo haikuthibitishwa kuwa ni yake.

Shemeji aliacha kula. "Kwa hiyo hii ni habari ya mtu," akasema. "Ungeanza na mtu, nisingekubishia."

Jumatatu, Barabara ya Jangwani

Kutoka Cairo kwenda Alexandria ni zaidi ya kilomita 200 za lami iliyonyooka. Mashamba ya umwagiliaji yameila sehemu kubwa ya jangwa, na mpaka Wadi Natrun macho hukutana na miti kuliko mchanga. Wakati wa vita eneo lote kutoka hapa hadi mpaka wa Libya lilijaa viwanja vya ndege visivyo na majina, vyenye namba tu. Kiwanja kilikuwa ardhi iliyosawazishwa, mapipa ya mafuta, na mahema. Ndege zenyewe zilikuja kwa meli kutoka mbali sana. Kittyhawk ilitengenezwa Buffalo, jimbo la New York, na kiwanda cha Curtiss kilitoa zaidi ya 13,700 za aina hiyo kwa matoleo yake yote. Injini ni Allison ya silinda 12, inayopozwa kwa maji, na mbele yake kuna kichujio cha hewa, kwa sababu mchanga wa huku huitafuna injini upesi kuliko risasi.

Shemeji alitaka kujua kama ni hii tu au watu wameshafukua nyingine. Nikampa mbili ambazo mafundi tunazisimulia sana.

Ya kwanza ni ya Greenland. Tarehe 15 Julai 1942 ndege za kivita sita za Marekani aina ya P-38 na ndege mbili za kudondosha mabomu aina ya B-17 zilishindwa na hali ya hewa zikatua juu ya barafu. Watu wote waliokolewa, ndege zikaachwa. Theluji iliendelea kudondoka mwaka baada ya mwaka, na zilipotafutwa zilikutwa chini ya barafu yenye kina cha zaidi ya mita 80. Mwaka 1992 P-38 moja ilitolewa huko chini kipande kwa kipande kupitia shimo lililoyeyushwa kwa maji ya moto, na Oktoba 2002 ikaruka tena.

Ya pili ni Spitfire P9374, ndege ya kivita ya Uingereza. Rubani wake, Peter Cazenove, aliitua kwenye ufuko wa Calais, Ufaransa, Mei 1940. Mchanga wa pwani ukaifunika mpaka 1980. Ilitengenezwa upya, ikaruka 2011, na mwaka 2015 ikauzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Fedha zilikwenda kwenye hisani.

"Iliyokaa miaka 40 kwenye maji ya chumvi," akauliza shemeji, "mlirusha nini hapo?"

Swali hilo ndilo linalogawa watu wa fani hii. Ndege iliyookotwa baharini haiwezi kuruka na mabati yake ya zamani, sheria haziruhusu wala akili hairuhusu. Fundi huchukua kibati cha namba, vipande vichache vilivyo salama, michoro ya kiwandani, kisha hujenga. Kinachopaa ni bati jipya kwenye umbo la zamani, chenye namba halali ya zamani. Nimeisikia injini ya aina hiyo ikiwashwa na nakiri kwamba kifua kilitetemeka. Mtoto akisikia sauti ile ataelewa jambo ambalo kabati la kioo halimwelezi. Lakini kila bati linalong'olewa linaondoka na tundu la risasi, alama ya nyundo ya fundi wa 1940, rangi iliyopakwa kwa haraka usiku. Ushahidi huo ukitoka haurudi. Ndege zilizobaki nyingi ziruke, mimi sina ugomvi. Ile iliyokutwa kama ilivyoachwa na mtu wake iachwe hivyo hivyo.

Shemeji alisema nimejibu kama fundi. Nikamwambia sina jibu lingine.

Jumanne, Alexandria

Mvua na upepo wa baharini siku nzima. Ful na mkate wa moto asubuhi, halafu tukajificha mgahawani hadi mchana.

Shemeji ndiye aliyeleta habari ya nani alilipia ndege zile. Uingereza iliendesha michango katika makoloni yake, na bei iliyotangazwa ya Spitfire moja ilikuwa pauni 5,000. Watu wa Basutoland, Lesotho ya leo, walichanga, kikosi namba 72 kikapewa jina la Basutoland. Kikosi namba 249, kilichopigana Malta, kilibeba jina la Gold Coast, Ghana ya leo. Na jambo hili halikuanza na Hitler: katika Vita Kuu ya Kwanza zilikuwapo ndege za Uingereza zilizoandikwa Zanzibar ubavuni, kwa sababu ya fedha iliyotoka kisiwani.

"Mkulima wa Basutoland kachanga shilingi yake," akasema, "rubani si yeye, na ndege ikifukuliwa leo anayezungumzwa ni rubani na fundi wa kiwandani. Mchangaji yuko wapi?"

Nilijaribu kumwambia kwamba jina la Basutoland lipo kwenye historia ya kikosi. Akanikata: jina la nchi, ndiyo. Nikanyamaza, maana alikuwa na haki. Makumbusho nilizotembelea huandika uzito wa ndege, mwendo wake, idadi ya bunduki zake. Mstari mmoja wa kusema fedha ilitoka wapi haungebanana.

Jumatano, El Alamein

Kutoka Alexandria kwenda magharibi bahari iko kulia kwako muda wote, ingawa huioni, kwa sababu hoteli na nyumba za mapumziko zimejipanga mpaka mbali. Kisha inatokea El Alamein Mpya, maghorofa marefu ya kioo yaliyoota ufukoni ndani ya miaka michache. Kando ya barabara kuu liko jiwe la Waitaliano linaloonyesha walikofika tarehe 1 Julai 1942: Alexandria, kilomita 111. Wamechonga hapo kwamba walikosa bahati, ushujaa hawakuukosa.

Makumbusho ya kijeshi ni ya tangu 1965. Uwanja umejaa vifaru, mizinga, malori. Ndani kuna vyumba vya kila jeshi lililopigana hapa, na chumba cha Misri. Nilivipita vyote. Nilichokifuata nilikijua.

Niliikuta imepakwa rangi.

Habari hiyo nilikuwa nayo, picha zilitoka 2017 na wapenzi wa ndege za kale Ulaya walilalamika sana. Kuiona kwa macho ni kitu kingine. Rangi imefunika kila sehemu ambayo mchanga uliichonga kwa miaka 70. Zile HS-B zilizofifia, mikwaruzo iliyoonyesha upepo wa jangwa huvuma kutoka wapi, mng'ao wa bati tupu, vyote viko chini ya koti moja. Na rangi yenyewe siyo iliyotumiwa na kikosi namba 260. Nilisimama mbele yake nikajaribu kuiondoa rangi kichwani, nianzie bawa la kushoto, nirudi kwenye picha za 2012. Mstari wa bodi unamkubali mtu: pua ndefu ya Allison, kidevu cha vipoza maji, mkia mwembamba. Chini ya rangi ni ile ile. Hilo lilinipa nafuu kidogo.

Mhudumu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alituona tumekaa sana akasogea. Shemeji alimwita hajji, wakasalimiana kwa kirefu, kisha akaeleza mimi ni nani na nimeudhika na nini. Mzee hakukasirika. Alinishika mkono akanigeuza kuelekea kaskazini. Upepo ulikuwa unatoka huko, na ulikuwa na chumvi, niliionja mdomoni.

"Jangwani haikuhitaji rangi," akasema. "Hapa bila rangi ingekuwa imekwisha."

Na hapo alizungumza lugha yangu. Kittyhawk ilidumu kwa sababu ilipotua hakukuwa na unyevu. Alumini haishiki kutu nyekundu. Huota unga mweupe, na unga huo huanzia pale alumini inapokutana na skrubu au fito ya chuma, mradi pawe na maji na chumvi vya kuvikutanisha. Ndege zetu zinazokwenda Zanzibar na Mafia tunaziosha kwa maji matamu mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo, na bado tunakuta unga ndani ya mikunjo. Kuitoa Kittyhawk ndani kabisa ya jangwa na kuileta kilomita chache kutoka Bahari ya Kati ni kuitoa mahali pakavu kuliko ghala lolote na kuiweka mahali ambapo hewa yenyewe inaila. Mzee alikuwa sahihi kwamba bati lilihitaji kinga. Mimi naamini ipo kinga isiyofuta: nta nyembamba au vanishi inayotoa nuru, ambayo hutumika kwenye makumbusho na huweza kutolewa baadaye. Aliyeshika brashi alipewa rangi, akafanya kazi kwa alichopewa. Sina neno naye.

Ugomvi wangu uko juu zaidi. Wakati ndege ilipoonekana, makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza ilitaka kuipata, na ili kulipia kazi ya kuitoa jangwani ikatoa Spitfire iliyokuwa ghalani mwake, PK664, kama malipo. Ndege ya Copping ilitolewa haraka, kwa sababu watu walikuwa wameanza kung'oa vipande na jeshi la Misri lilikuwa limeshaondoa risasi. Ikawekwa kwenye kontena. Misri haikukubali iondoke nchini. Ikakaa kontenani miaka, kisha ikapakwa rangi. Kwa hiyo Uingereza ilitoa Spitfire, Kittyhawk haikuipata, na Kittyhawk yenyewe ikapoteza uso wake. Katika mlolongo wote huo watu walijadiliana ni mali ya nani. Kuhusu namna ya kuitunza, matokeo yanaonyesha walijadiliana kidogo mno.

"Hapo kwenye mali mimi niko na Misri," shemeji akasema tukiwa tumekaa kivulini. "Februari 1942 vifaru vya Uingereza vilizingira kasri ya Abdin kumlazimisha Mfalme Farouk amteue waziri mkuu waliyemtaka wao. Nchi ilikuwa huru kwa karatasi. Haikutangaza vita mpaka 1945. Watu wawili wakapigana sebuleni kwake, mmoja akaangusha saa. Leo unamwambia mwenye nyumba hiyo saa si yake?"

Mimi pia nataka ibaki Misri, kwa sababu nyingine: hapa ndipo Copping alipo. Mchanga huu umemchukua, na ndege ndiyo kitu cha mwisho alichokigusa. Uingereza ingekuwa kati ya nyingine nyingi chini ya paa zuri. Hapa iko peke yake, na mtu wake hayuko mbali.

Alhamisi, makaburini

Makaburi ya Jumuiya ya Madola yana watu zaidi ya 7,200, na 815 kati yao hawajulikani ni akina nani. Ukiingia unapita kwanza kwenye ukumbi wa nguzo wa mawe, na hapo ndipo yalipo majina ya wasio na kaburi: askari wa nchi kavu zaidi ya 8,500, na wa anga zaidi ya 3,000. Montgomery mwenyewe, jenerali wa Uingereza aliyeshinda El Alamein, aliuzindua Oktoba 1954.

Jina la Copping tulilitafuta pamoja. Shemeji ndiye aliyeliona. Alisoma Fatiha kwa sauti ya chini, kisha akasema si mtu wa dini yake lakini ni mtoto wa watu. Tulisimama hapo mpaka kikundi cha watalii kilipofika.

Kinachonigusa kwenye kuta hizi ni kwamba orodha ya anga haihusu Misri pekee. Imekusanya walioanguka Libya, Sudan, Ethiopia, Somalia, Madagascar, na Afrika Mashariki. Mwaka 1940 na 1941 marubani wa Afrika Kusini waliruka kutoka viwanja vya Kenya, Wajir miongoni mwavyo, kupigana na Waitaliano. Aliyepotea kule bila kaburi, jina lake liko hapa El Alamein. Nchi zetu zina ndege zake zilizolala porini, na watu wake wameandikwa kwenye ukuta wa pwani ya Misri. Sijawahi kusikia jambo hili likitajwa shuleni.

Shemeji alikuwa anatafuta kitu kingine. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliletwa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kufanya kazi za jeshi, kuchimba, kubeba, kujenga barabara na kupakua meli. Hao ni miongoni mwa waliosawazisha ardhi ili ndege zitue. Alikuwa anapitia ukuta mmoja baada ya mwingine akitafuta majina ya kwetu, kidole kikiwa juu ya jiwe, na nilimwacha.

Mchana aliniambia kilichomsukuma. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi haya ilitoa ripoti juu yake yenyewe, kuhusu waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wetu na vibarua wa Misri, kwenye sentensi moja. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam naipita kila wiki. Ina maandishi ya Kiswahili, na haina jina la mtu hata mmoja.

"Copping ana ukuta, ana ndege, ana wewe uliyepanda ndege kumfuata," shemeji akasema. "Simwonei wivu. Nataka na wengine wapate."

Kaburi la Wajerumani ni ngome ya mawe yenye pembe nane, iliyojengwa 1959, na ndani yake wamelala zaidi ya 4,200. La Waitaliano ni mnara mweupe unaotazama bahari. Tulipita yote mawili jioni. Kwenye ule mnara kuna safu ndefu za vibamba vilivyoandikwa kwamba aliyelala hapo hajulikani, na vinazidi kutisha kadiri unavyotembea.

Ijumaa, Sidi Abdel Rahman

Tulisali Ijumaa kwenye msikiti wa Sidi Abdel Rahman. Kusini mwa hapa, jangwani, ndipo alipoangukia Hans-Joachim Marseille, rubani wa Kijerumani aliyehesabiwa kuangusha ndege 158, karibu zote Afrika Kaskazini. Alikufa tarehe 30 Septemba 1942, umri miaka 22. Hakuangushwa na adui. Injini ya Messerschmitt yake mpya ilitoa moshi, akajirusha, mkia ukampiga, parachuti haikufunguka. Wahandisi wa jeshi la Italia walimjengea piramidi ndogo mahali hapo, na mwaka 1989 ikawekwa mpya.

Kwenye sherehe ya 1989 alikuwapo Mwafrika mmoja. Marseille alikuwa na mfungwa wa vita kutoka Afrika Kusini, koplo Mweusi aliyetekwa Tobruk, akamfanya msaidizi wake, na baadaye wakawa marafiki kwa kadiri mfungwa na aliyemfunga wanavyoweza kuwa. Vitabu vya ndege vinaisimulia habari hii kwa furaha, kama uthibitisho kwamba Marseille hakuwa na moyo wa Kinazi. Huenda hakuwa nao. Ila vitabu hivyo hivyo vinajua tarehe na saa ya kila ndege aliyoidai, na jina la koplo vinalitaja kwa tahajia tofauti: hapa Mathew Letulu, pale Letuku. Mtu aliyekuwa hai mwaka 1989, aliyesafiri mpaka jangwani, na bado jina lake haliandikwi kwa namna moja.

Nilitaka kuiona piramidi. Dereva wetu, Bedui wa huku, akakataa kuacha lami. Hakuwa na haja ya kueleza sana, kwa sababu baada ya sala mzee mmoja alikuwa ametusogelea, amekaa kwenye ukuta mfupi wa msikiti, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Alikuwa anachunga mbuzi akiwa na miaka kumi au kumi na moja. Mbuzi walipita, yeye akakanyaga.

Kabla ya mapigano ya Oktoba 1942 Wajerumani na Waitaliano walifukia karibu nusu milioni ya mabomu mbele ya mistari yao, na Waingereza walifukia yao. Takwimu ambayo serikali ya Misri imekuwa ikiitaja kwa miaka mingi, ukijumlisha mabomu ya kutegwa na makombora ambayo hayakulipuka katika jangwa lote la magharibi, ni karibu milioni 17. Mvua na upepo huyahamisha kutoka mahali yalipochorwa kwenye ramani, pale ambapo ramani zipo. Kazi ya kuyatoa imefanyika kwa miongo, mara nyingi na jeshi la Misri, na bado dereva wa miaka 40 hataki kuacha lami.

Mzee alimuuliza shemeji mimi ninafanya nini. Alipoambiwa kuhusu Kittyhawk akasema anaikumbuka habari hiyo, ile iliyoletwa kwa lori. Kisha akauliza swali, na shemeji alilitafsiri polepole ili nisilikose: wale waliokuja kuichukua ndege, haya mengine watakuja kuyachukua lini?

Sikuwa na la kumjibu. Nilijiona nimesimama mbele yake nikiwa na mapenzi yangu yote kwa bati la miaka 80, na sikuona aibu kwa mapenzi hayo, lakini niliona mpangilio umekosewa. Pesa, lori, kibali, wataalamu, mazungumzo kati ya nchi mbili, vyote vilipatikana ndani ya miezi kwa ajili ya ndege moja. Ni chuma cha vita ile ile, cha majeshi yale yale, kwenye mchanga ule ule.

Jumamosi, kurudi Cairo

Njiani tuliandika barua kwa makumbusho, mimi nikisema, shemeji akiandika Kiarabu kwenye simu. Niliomba ndani ya ndege kusipakwe rangi, kwa sababu chumba cha rubani ndicho kilichobaki cha kusomeka. Niliomba waioshe kwa maji matamu na kukagua viungo vya alumini na chuma kila msimu wa upepo wa kaskazini, nikaeleza vya kuangalia. Niliomba picha za 2012 zitundikwe kando yake, kubwa, ili mgeni aone ilivyokutwa. Kisha maelezo: jina la Copping, umri, kikosi, redio iliyotolewa, parachuti, na kwamba mwili wake haujapatikana.

Tulibishana kuhusu sehemu ya mwisho kutoka Wadi Natrun mpaka tulipouona msongamano wa Cairo. Shemeji alitaka maelezo yataje vibarua waliosawazisha viwanja na mabomu yaliyobaki ardhini. Mimi niliona makumbusho ya kijeshi hayatakubali maneno marefu, na kwamba tukiomba yote tutanyimwa yote. Akasema kama ubao una nafasi ya kutaja bunduki sita za Kittyhawk, una nafasi ya kumtaja mchunga mbuzi. Nikatoa bunduki. Sentensi yake ikaingia: kwamba vita iliyoileta ndege hii iliacha mabomu ambayo yanaendelea kuwaua na kuwajeruhi wakazi wa jangwa hili, na kwamba nchi zilizoyatega zinajulikana.

Barua ataichapisha Jumatatu na kuipeleka kwa mkono. Nakala ya Kiingereza naiandaa mimi kwa ajili ya makumbusho iliyotoa Spitfire.